Kulala na Viatu: Siku Sita Katesh

Jumatatu, Dodoma hadi Singida

Basi limetoka stendi ya Nanenane saa moja kasoro asubuhi. Chini ya kiti nina karanga kilo tano, doti moja ya kanga, na mabuti ya mpira aliyoniagiza Mama Mdogo. Sikumuuliza ya nini. Ni Machi 2025, mvua bado zipo, nikajua ni ya shambani.

Nianze na deni, maana safari yote hii ni ya deni. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka ukashuka na maji, mawe na magogo hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mama Mdogo nilimpata kwenye simu kesho yake. Akaniambia, "Baba yako mdogo hajaonekana." Na mimi, muuguzi mzima niliyepita hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kwa mafunzo, niliyefundishwa nini cha kumwambia mtu aliyefikwa na nini cha kunyamaza nacho, nikamjibu: "Pole sana mama. Mshukuru Mungu wewe umepona."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," simu ikakatika. Dakika mbili hazikufika.

Baba Mdogo alipatikana siku ya tatu. Nilikwenda kuzika, nikakaa siku mbili katikati ya watu wengi, nikarudi kazini. Tumeongea mara nyingi tangu hapo, bei ya mahindi, homa za wajukuu, lakini ile "haya, mwanangu" imebaki kati yetu kama mgeni asiyeaga.

Mzee niliyekaa naye, aliposikia naenda Katesh, alisema kule joka ndilo lililohama mlimani, ndiyo maana miti ilikuja na mizizi yake. Kijana wa kiti cha nyuma akadakia: volkano. Hanang kweli ni mlima wa volkano, ila siku ile haukulipuka. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba sehemu dhaifu ya mlima ilifyonza maji hadi ikashindwa kujibeba, na zile zilikuwa mvua za El Nino ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishazitangaza. Nilitaka kumweleza mzee, nikaacha. Joka lina nafuu yake: likishahama limehama. Mwamba uliolowa unaweza kulowa tena.

Manyoni tulishuka kula. Dereva, ambaye amefunga, alibaki kwenye usukani akijipepea na gazeti. Jioni nimelala kwa kaka yangu, Singida.

Jumanne, Singida hadi Katesh

Coaster ya Babati. Hanang unauona mapema, umesimama peke yake juu ya nchi iliyo tambarare, zaidi ya mita 3,400, kichwa kimezama kwenye wingu. Mama mmoja aliyekuwa akibishana na kondakta juu ya nauli ya tenga lake la nyanya aligeuka dirishani, akalitazama lile wingu kitambo, akalipa bila neno.

Kutoka mjini nikachukua bodaboda hadi Waret, kwenye nyumba zaidi ya mia moja zilizojengwa kwa ajili ya waliopoteza makazi. Nyumba nzuri, mabati mapya, zinafanana kama mapacha. Mama Mdogo ametundika ndoo ya bluu juu ya mlango ili wajukuu wasiingie kwa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mabuti yako wapi?"

Alianza na mabuti. Akayavaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akagonga visigino sakafuni, akaridhika. Nilidhani atayaweka nje karibu na jembe. Akayapeleka chumbani, akayapanga ubavuni mwa kitanda, ncha zikitazama mlango.

Kwenye pembe ya sebule kuna kitu kimefunikwa kanga ya zamani. Nilijua ni nini kabla ya kuifunua. Baba Mdogo alikuwa fundi cherehani, na mashine yake vijana waliifukua wiki mbili baada ya maziko. Gurudumu halizunguki. Tope limejaa pale inapokaa bobini, limekauka likawa gumu na jeusi kama lami, na ndani yake kuna kipande cha uzi mwekundu kimechomoza kiasi cha kucha. Inaonekana alikuwa na kazi ya mtu mashineni Jumamosi ile.

Mimi na mikono yangu isiyotulia: "Mama, Singida kuna fundi mzuri sana wa cherehani. Nikirudi naondoka nayo."

"Iache."

"Itakwisha kwa kutu."

"Hilo tope ni la kwake. Ukilitoa utalipeleka wapi?"

Nikairudishia kanga yake.

Usiku nilimsikia akiamka. Anafungua dirisha, anasikiliza, anafunga. Mara tatu. Nje kulikuwa kukavu, nyota zimejaa.

Jumatano, Katesh mjini

Nimezunguka na binamu yangu. Ukitazama juu unaona kovu lenyewe, mchirizi mpana uliovua miti, na pembeni mwake majani yameanza kurudi. Chini, mawe makubwa yaliyoshuka siku ile bado yapo sehemu sehemu. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe la ukubwa wa gari ndogo, akiligonga kwa nyundo na tindo, anapasua kokoto za kuuza. Binamu akasalimiana naye, wakataniana. Tulipopita akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule alipoteza mdogo wake mahali pale pale. Nikageuka. Kijana alikuwa anapuliza vumbi, anaweka tindo vizuri, anagonga.

Sikujua niweke wapi nilichokiona. Vitabu vyangu vya kazi vina neno lake, kukwepa: mtu aliyepatwa na kiwewe hukwepa mahali palipomtokea. Huyu anakwenda hapo kila asubuhi na chakula chake cha mchana.

Jambo jingine ambalo vitabu havinisaidii ni lugha. Nimeishi hospitalini na maneno kama sonona, kiwewe, msongo wa mawazo. Hapa sijamsikia mtu hata mmoja akiyatumia. Wanasema "presha inapanda mawingu yakiwa mazito." Wanasema "moyo unanienda mbio." "Kichwa kimejaa." "Usingizi umekata." Na tumbo: karibu kila mwanamke niliyesalimiana naye ana vidonda vya tumbo, au ameambiwa hivyo, na wengine wamekunywa dawa za vidonda tangu mwaka juzi bila nafuu. Mtu wa namna hii akifika zahanati anapimwa presha, inakutwa ya kawaida, anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na kile kitu chake.

Jirani wa Mama Mdogo alinionyesha vidonge vya usingizi anavyonunua duka la dawa. Alianza na kimoja, sasa viwili. Nilishtuka, maana Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa mtu aliyetoka kwenye msiba wa kutisha ili eti asahau. Zinatengeneza utegemezi na hazigusi chanzo. Lakini nitamwambia nini, aache? Nikamuuliza kwanza usiku wake unakuwaje. Akaongea nusu saa. Mwisho akasema nimsindikize keshokutwa hospitali ya wilaya wakamwone pamoja nami, apunguze kidogo kidogo. Kuacha ghafla nako kuna hatari yake.

Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu wageni wa mwanzo. Zile wiki za kwanza, watu walipokuwa wamehifadhiwa shuleni, walikuja washauri wengi, wengine wazuri sana, anawakumbuka kwa upendo. Na wengine walikuja na karatasi. "Waliniuliza nalala saa ngapi, nikasema silali. Wakaandika. Wakauliza naota nini, nikasema. Wakaandika. Wakauliza nimewahi kutaka kufa. Nikasema ndiyo. Wakaandika, wakageuza karatasi." Baada ya hapo hakuwaona tena.

Sitawataja, na sina hakika hata yeye anakumbuka walitoka wapi. Ila sisi wa kazi hii tunajua kwamba kumkalisha mtu siku zile za mwanzo na kumlazimisha asimulie yote hakumsaidii, na kunaweza kumwongezea. Kinachotakiwa mwanzoni ni cha kawaida mno: angalia nani ana hali mbaya, sikiliza anayetaka kusema, mwunganishe na ndugu, maji, blanketi, taarifa za kweli. Walio wengi hurudi wenyewe polepole. Wale ambao mwezi unapita, miezi inapita, na bado wako ndani ya ile asubuhi, hao ndio wanaohitaji tiba, na hao huanza kuonekana vizuri wakati magari ya msaada yameshaondoka.

Mchana tulikaa kwa mzee mmoja Mbarbaigi, rafiki wa marehemu. Watoto wake wote walipona, mke pia. Kwa hiyo kila aliyefika kumpa pole alimwambia ana bahati. Ng'ombe wake kumi na moja walifukiwa. Alianza kunitajia mmoja mmoja kwa rangi na pembe na mama yake, nikawa nahesabu kimoyomoyo. Alipofika wa tisa akasimama, akaomba maji.

"Hakuna aliyeniuliza ng'ombe," akasema. "Waliuliza watu tu."

Alhamisi, Waret

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu leo nimefundishwa kazi yangu.

Mama Mdogo yuko kwenye kikoba cha wanawake ishirini na kidogo. Wanakutana chini ya turubai, wanaweka hisa, wanakopeshana. Wengi wao kabla ya Desemba ile hawakujuana. Walitoka vitongoji tofauti, wakawekwa nyumba jirani na watu wasiowajua, na majirani zao wa miaka yote wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa ndugu. Binti niliyeongea naye njiani aliniambia kitu kilichomuuma kuliko kupoteza nyumba ni kwamba hapa hakuna anayemkumbuka alipokuwa mtoto.

Mkutano ukaanza. Mwenyekiti hakuanza na daftari. Alianza na swali: "Jana umelalaje?" Likazunguka duara, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema amelala hadi jogoo, wakampigia makofi matatu. Mwingine akasema mtoto amekojoa kitandani tena, ana miaka kumi, anaona aibu. Mwenzake wa kulia akamwambia wa kwake aliacha alipohamishiwa kitanda mbali na dirisha. Mwingine akasema, "Bado," neno hilo moja tu, na hakuna aliyemwongezea swali. Likafika kwa Mama Mdogo. Akasema: "Mara tatu." Wakaitikia "mmh," likapita. Kisha daftari likafunguliwa, na ugomvi wa faini za wachelewaji ukawa mkali kweli kweli, mpaka nikasahau tulikoanzia.

Nilimuuliza mwenyekiti nani aliwafundisha. Akanishangaa. "Kufundishwa? Tulikuwa hatuwezi kuhesabu hela. Kila mtu amekesha, anasinzia, hesabu zinakosewa. Ikabidi tujue kwanza nani amelala ndiye ashike hesabu."

Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jioni tulikaa nje, tunachambua majani ya mlenda. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nimejiapiza tangu Dodoma kwamba sitauliza. Akaanza mwenyewe, macho kwenye ungo.

"Siku ile tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Baba yako mdogo alikuwa anapiga pasi shati. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni malori ya ngano kutoka Basotu yanashuka yote kwa pamoja. Nikamwambia, leo Jumapili, malori ya nini? Akasema, ngoja nikaangalie."

Akatoa jani lililooza, akalitupa.

"Akaacha pasi imesimama. Ya mkaa. Mimi nikabaki naiangalia isije ikaunguza meza. Maji yakaingia kwa mlango wa uani, yakanitoa kwa dirisha, nikashika mti. Nilikuwa miguu mitupu. Magogo yanapita, mawe yanapita, mimi natafuta pa kukanyaga, kila ninapokanyaga kuna msumari, kuna bati. Nilimwona. Alikuwa pale ng'ambo, karibu, kama hapa na nyumba ya ndoo nyekundu. Ningekuwa na viatu ningefika."

Ndipo nikayaelewa mabuti.

Najua asingefika. Mtu yeyote mwenye akili anajua asingefika. Lile tope lilibeba nyumba. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini: usijilaumu, mama, usingeweza. Ni jibu la huruma na ni la kweli. Nimelimeza. Maana nilijua likitoka atasema "haya, mwanangu", kisha tutachambua mlenda.

Nikasema tu: "Karibu hivyo?"

"Karibu hivyo."

Baadaye sana, giza limeingia, nikamwambia kuhusu simu ile. Nikamwomba radhi. Alifikiri kidogo. Akasema hakumbuki nilisema nini. Watu wote walikuwa wanasema hilo hilo. "Ila nilikuwa nataka kukwambia kuhusu pasi," akasema. "Nikaona una haraka."

Ijumaa, Waret

Asubuhi nilimpeleka jirani hospitali. Tulisubiri sana, tukahudumiwa vizuri, amepewa tarehe ya kurudi. Basi.

Mchana wajukuu wawili na watoto wa majirani walikuwa wanacheza nyuma ya nyumba. Wamejenga vijumba vya udongo, safi kabisa, vina milango ya vijiti. Juu yake wamerundika kichuguu. Mmoja anamwaga maji kwa jagi kutoka juu, wote wanapiga kelele "Mlimaaa!", vijumba vinakwenda. Kisha wanaanza tena. Shangazi mmoja alitoka na fimbo kuwakataza, mchezo wa laana. Nikamwomba awaache. Niliwatazama raundi nne. Raundi ya nne kadada kamoja ka miaka sita hivi kakachimba mfereji pembeni kabla maji hayajaja, vijumba viwili vikapona. Wakabishana kama hiyo inaruhusiwa. Mtoto akicheza hivyo kwa miezi, uso umekufa, mchezo haubadiliki hata siku moja, hapo ningekuwa na wasiwasi. Hawa walikuwa wanabishana juu ya sheria.

Mvua imekuja saa tano usiku.

Ilianza kwa matone makubwa juu ya bati, kisha ikafunga. Sikuwasha taa. Nikasikia kitanda cha chumba cha pili kikilia, kisha mpira ukivutwa juu ya ngozi: buti la kwanza, buti la pili. Nilipotoka sebuleni alikuwa ameketi kwenye stuli, mabuti miguuni, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake kuna vitambulisho, kadi za kliniki za watoto, picha mbili na chaja. Dirisha liko wazi kidogo upande wa mlima. Anahesabu kwa midomo. Aliniambia baadaye anahesabu tangu radi hadi sauti yake.

Waret iko mbali na njia ya lile tope. Yeye anajua hilo kuliko mimi. Mwili wake ndio haujui.

Ningeweza kumfundisha kupumua: ingiza kwa nne, toa kwa sita. Ni njia nzuri, nimeifundisha kwa wagonjwa wengi, na kesho asubuhi nitamfundisha. Saa ile nilirudi chumbani nikavaa raba zangu, nikafunga kamba, nikavuta ndoo nikaigeuza, nikaketi pembeni yake. Akanitazama miguuni. Akasogeza mfuko wake kidogo ili nami niweke simu yangu humo isilowe.

Tulikaa hadi saa tisa. Katikati akanisimulia habari za yule mwenye nguo ya uzi mwekundu: ni sare ya kwaya, mwenyewe alipona, hajawahi kuja kuidai. Mvua ilipokatika akasema, "Leo haikuwa ile," akaenda kulala. Na mabuti.

Jumamosi, Katesh hadi Singida

Asubuhi mlima umeoshwa, unang'aa, hauna wingu hata moja. Mama Mdogo amenifungia mlenda mkavu na maziwa ya mgando kwenye chupa ya maji. Tumefanya lile zoezi la kupumua. Akaniuliza kama kuna la kufanya na mikono, maana mikono ikikaa bure ndiyo inayomtetemesha. Nikamwambia ashike chochote. Akachukua ungo.

Namba ya hospitali nimeiandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango. Cherehani sijaigusa.

Nikiwa stendi ya Singida, saa kumi jioni, nikampigia. Kelele za wapiga debe zilikuwa nyingi, nikaingia nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma.

"Mama, huko mvua?"

"Manyunyu. Na upepo kidogo."

"Nieleze."

Akaanza kunieleza, kwanza upepo unavyokwenda, kisha wingu lilipo, kisha mtoto wa jirani, kisha shati la Baba Mdogo lilivyokuwa, la bluu mpauko, na alivyoliacha upande mmoja haujapigwa pasi. Mahindi yalikuwa yanapasuka mkaani. Konda wa basi la Dodoma aliniita mara mbili. Dakika zangu zilikwisha akiwa bado anaongea, nikanunua vocha kwa mwenye mahindi, nikapiga tena.